Msumari Usiokazwa

Kyule alianguka kutoka juu ya ngazi Jumanne ya kwanza ya Februari, mwaka wa 2003, mkewe akiwa ameshika upande wa pili wa ubao wa plastiki. Mbeke aliona ngazi ikihama kidogo tu, kama mtu anayebadilisha mguu wa kusimamia, kisha mumewe akawa chini, mkono wa kulia umelaliwa na mwili. Hakupiga kelele. Aliinuka akaketi, akautazama mkono uliopinda mahali pasipo na kiungo, akamwambia mkewe kwa sauti yake ya kila siku, "Mama Ndanu, shikilia hiyo mbao isivunjike."

Tajeu, mlinzi wa boma hilo, alikuja mbio, akafunga mkono kwa kipande cha katoni na ukanda aliouchana kutoka kwa shuka lake. "Pole, yeyo," alimwambia Mbeke, akimwita mama kwa Kimaasai, kana kwamba yeye ndiye aliyeumia.

Nyumba waliyokuwa wakiifanyia kazi ilikuwa ya mjane aitwaye Keziah, upande wa Kitengela unaoelekea machimbo ya mawe. Ilikuwa nyumba ya mbao za mabaki, iliyojengwa na marehemu mumewe, Wanyoike, wakati hapo hapakuwa na jirani. Sasa majirani wote walikuwa na nyumba za mawe. Mwana wa Keziah, Ngigi, aliyekuwa Amerika mwaka wa kumi na moja, alikuwa ametuma kwa meli mbao za plastiki nyeupe, zile ambazo watu wa huko hufunika nazo kuta za nje, ili mama yake naye aishi ndani ya nyumba yenye sura. Kuta tatu zilikuwa zimekwisha. Ulibaki ukuta wa mbele, wenye mlango na madirisha mawili. Na Ngigi alikuwa anakuja tarehe ishirini na mbili.

Katika hospitali ya Kajiado walingoja kwenye benchi tangu saa sita hadi saa kumi. Daktari kijana alifunga mkono plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko.

"Wiki nane," alisema. "Usinyanyue hata kikombe."

"Daktari, mimi ni fundi."

"Ndiyo nakwambia usinyanyue."

Walipotoka nje, Kyule alisimama karibu na lango bila kujua aelekee wapi. Mbeke alimfunga kifungo cha shati.

"Huo ukuta naweza kuumaliza," alisema.

Kyule alicheka, kicheko kifupi kilichomuumiza mkono. "Wewe? Wewe ulikuwa unashika tu."

"Nilikuwa nashika, na nilikuwa naona."

"Kushika si kupigilia. Wacha hayo maneno, twende nyumbani."

Mbeke alitangulia barabarani. Lakini alikuwa na la kujibu, na Kyule alilijua. Mbao zile zilikuwa na urefu wa futi kumi na mbili, kazi ya watu wawili, na Kyule alikuwa amemleta mkewe kwa sababu mtu wa kushika angetaka kulipwa. Siku ya kwanza alipigilia mbao tano kama anavyopigilia mbao zote za dunia hii, nyundo hadi msumari unyamaze. Mbeke, akingoja kuambiwa ashike nini, aliketi juu ya katoni akasoma maandishi yaliyokuwa ubavuni. Yeye alifika kidato cha pili, Kyule aliachia darasa la tano.

"Baba Ndanu," alisema, "hapa wanasema tusikaze."

"Tusikaze nini?"

"Msumari. Unapigwa katikati ya hiki kitobo kirefu, unaachwa kichwa kimeinuka kidogo. Wanasema hii kitu jua likiipata inarefuka, baridi ikija inarudi. Ukiikaza haina mahali pa kwenda."

Waling'oa zote tano wakaanza upya. Tangu hapo kila msumari ulipimwa kwa sarafu ya shilingi, ikiwekwa chini ya kichwa na kutolewa. Na misumari iliyotumwa kutoka Amerika ilipoisha katikati ya ukuta wa pili, ni Mbeke aliyeikataa ya dukani mmoja baada ya mwingine. Hii ni nene, itajaza kitobo. Hii kichwa chake ni kidogo, upepo wa hapa ukivuta ubao utapita juu yake. Hii ni ya chuma kitupu, mvua mbili tu itatoa machozi ya kutu kwenye plastiki nyeupe. Kyule alizunguka maduka yote ya vifaa Kitengela na msumari mmoja wa mfano mfukoni, mpaka Athi River akapata ile mifupi ya kichwa kipana iliyopakwa zinki, ambayo mafundi huita klauti.

Lakini Gichuru, mpwa wa Keziah aliyewekwa kusimamia kazi, alipomuuliza Kyule kazi hii alijifunzia wapi, Kyule alisema, "Mombasa Road. Nilifanya nyumba ya Mhindi mmoja hivi." Mbeke alisikia. Aliinama akaendelea kuokota misumari.

Gichuru alifika kwenye chumba chao cha kupanga keshoye asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, simu mkononi, viatu vimepigwa rangi hata siku ya vumbi. Hakukaa.

"Fundi, pole sana. Lakini unajua Ngigi anakuja. Mimi ndiye ataniuliza."

"Nipe siku mbili," Kyule alisema. "Natafuta mtu. Nitasimama chini nimwelekeze."

"Nimeshapata mtu. Githongo, yule wa pale stage ya matatu. Ni fundi wa miaka mingi."

Mbeke alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. "Hiyo kazi naijua," alisema. "Nipande mimi, Baba Ndanu asimame chini."

Gichuru alimtazama kuanzia kwenye kitambaa cha kichwani hadi kwenye ndara. Aligeuka kwa Kyule akitabasamu, kama wanaume wawili wanaoelewana. "Fundi, umesikia? Mama anataka kupanda ngazi."

Ingekuwa rahisi kwa Kyule kusema neno moja. Alitazama plasta yake. "Huyu anaongea tu," alisema. "Ni mambo ya kuchanganyikiwa."

Mbeke aliweka sufuria chini. Alimimina vikombe viwili, akatoka nje akaenda kusimama kwenye foleni ya maji, ingawa mitungi yote nyumbani ilikuwa imejaa.

Ijumaa alikwenda kwa Keziah kuchukua sanduku la vyombo vya kazi. Kulikuwa na mawingu na upepo wa baridi, siku ya pili sasa. Alisikia nyundo kabla ya kuona nyumba, na kwa jinsi ilivyolia alijua misumari inakazwa. Mapigo matatu, manne, na la tano la kumalizia.

"Sopa, yeyo," Tajeu alimsalimu langoni.

"Epa. Huyo amefika wapi?"

"Amepita madirisha. Ana mbio."

Githongo alikuwa mzee mnene kidogo mwenye kalamu ya risasi sikioni, na kazi yake kwa kuitazama ilikuwa safi. Mbao zilikaa kwenye ukuta zimenyooka kama zimechorwa. Kopo la klauti lilikuwa pembeni, halijaguswa. Alikuwa anatumia misumari ya kawaida ya inchi mbili.

"Mzee, shikamoo," Mbeke alisema. "Samahani. Hizo mbao hazikazwi. Na hiyo misumari siyo, iko pale kwa kopo."

Githongo alimtazama kutoka juu bila hasira. "Mama, hizo ni fupi, za kupigilia dari. Na msumari haukazwi kivipi? Nimefanya hii kazi miaka ishirini na sita. Msumari ukiachwa hivyo, watu watasema fundi alikuwa amelewa."

"Jua likiwaka itavimba."

"Nani alikwambia?"

"Imeandikwa kwa katoni."

"Katoni tulichoma jana," Gichuru alisema akitokea ubavuni mwa nyumba. "Mama Ndanu, ulikuja kuchukua sanduku. Liko hapo. Usichoshe mzee wa watu."

"Gichuru, vuta ubao wa ukuta ule mwingine uone. Unateleza. Huu hauendi popote."

"Si ndiyo nasema! Ule wenu unacheza kama jino bovu, na huu umeshika. Sasa nani hajui kazi?" Aliinua sanduku yeye mwenyewe akamwekea begani, na alipoona limemlemea akasema, "Nenda ukampikie mgonjwa."

Keziah alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni, akichambua maharagwe. Mbeke alimwendea na sanduku begani, akamwita bibi kwa Kikuyu kama walivyomwita wote. "Cucu, nisikilize kidogo."

"Mama Ndanu, mimi mambo ya misumari sijui," Keziah alisema bila kuinua macho. "Ngigi alimwambia Gichuru. Mimi naogopa kuharibu."

Nyumbani, Kyule alimwona akitua sanduku na jasho likimtiririka. "Amefika wapi?"

"Amemaliza karibu yote. Amekaza. Kwa misumari ya kawaida."

Kyule alilisogeza sanduku ukutani kwa mguu. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaniambia nije nikupikie."

Kyule alihangaika na suruali kwa mkono wa kushoto. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine, alimwomba amsaidie kufungua zipu aende chooni.

Zilikuwa siku mbaya. Kyule hakuwahi kujua ni mambo mangapi mwanamume hufanya kwa mkono wa kulia. Mbeke alimwosha mgongo, alimkatia ugali vipande, alimfunga kamba za viatu akiwa amepiga magoti mlangoni huku wapangaji wakipita. Alifua nguo za watu katika nyumba za mawe, siku tatu kwa wiki, na viganja vyake vikatoka maganda. Kwenye mfereji wa maji mwanamke mmoja alimuuliza, "Mama Ndanu, ni kweli ulitaka kupanda ngazi na rinda?" na wote wakacheka, naye akacheka pia, kwa sababu usipocheka watacheka zaidi. Ndanu, binti yao, alikuwa kwa dada yake Mbeke huko Machakos akisoma darasa la nane. Walikubaliana asiambiwe chochote.

Mawingu yalikaa zaidi ya wiki, yakaondoka Jumapili ya tarehe kumi na sita. Jumatatu lilikuwa jua, Jumanne jua kali, lile la Februari linalofanya mabati yalie. Ukuta wa mbele wa Keziah ulitazama magharibi.

Jumatano saa tisa alasiri Tajeu alisimama mlangoni pao, amevua kofia. "Mzee Kyule, koko Keziah anakuita. Wewe na mama."

"Kuna nini?"

"Nyumba imevimba."

Walienda kwa miguu, Kyule mbele na mkono kifuani, Mbeke nyuma. Langoni Kyule alisimama. Ukuta wa mbele ulikuwa kama matandiko yasiyonyooshwa. Kila ubao ulikuwa umepanda na kushuka mawimbi baina ya msumari na msumari, na karibu na mlango mmoja ulikuwa umeruka kutoka mahali pake ukabaki unaning'inia. Palipopigwa misumari plastiki ilikuwa imevutika ikawa na makunyanzi, kama ngozi kando ya mshono. Nyumba ya mbao za mabaki haikuwahi kuonekana maskini namna ile.

Gichuru alianza kabla hawajafika. "Fundi, angalia kazi yako! Wewe ndiye ulianza hii kitu. Ulituletea ujinga wako wa Mombasa Road, sasa Ngigi anafika Jumamosi. Hizi mbao zitalipwa na nani?"

"Huu ukuta si wangu," Kyule alisema.

"Msingi ni wako! Githongo alifuata vile alikuta."

Githongo alisimama kando, kofia mkononi, uso wake umechoka. Hakusema alifuata wala hakufuata.

Keziah alikuja polepole akijishikiza kwenye ukuta, akasimama mbele ya Kyule. Ilionekana alikuwa amelia. "Kyule, mimi sitaki kelele. Huu na ule mwingine, zote ni mbao moja. Za Ngigi. Kwa nini ule umenyooka na huu umekuwa hivi? Wewe si ndiye ulijifunza kule kwa Mhindi? Nieleze."

Kyule alijua neno la *tusikaze*. Alijua sarafu ya shilingi. Lakini kila alipoyapanga maneno kichwani yalikuwa na sauti ya Mbeke. Watu watano walikuwa wakimtazama, pamoja na jirani aliyeegemea ua.

"Cucu, hakuna Mhindi," alisema. "Mimi sikuwahi kuona hizi mbao kabla ya kuja hapa. Muulize Mama Ndanu. Yeye ndiye alisoma ile katoni. Mimi nilipigilia vile aliniambia."

Gichuru aliguna. Hakuna aliyemuunga mkono.

Mbeke hakumtazama mumewe. Alimshika Keziah mkono, akampeleka kwenye ukuta wa kando, akaweka kile kiganja cha kizee juu ya ubao. "Cucu, sukuma. Hivi, kwenda kulia."

Ubao uliteleza upana wa ukucha, ukasimama.

"Umesikia vile umeenda? Sasa ni moto, umejirefusha. Asubuhi utakuwa umerudi. Msumari unaubeba tu, kama koti kwa ndoano. Njoo huku." Akampeleka mbele. "Sukuma huu."

Keziah alisukuma. Alisukuma tena kwa mikono miwili.

"Huu umefungwa," Mbeke alisema. "Ulipigwa siku ya baridi, ukiwa mfupi. Jua likauambia ukue, na hauna pa kukulia."

Keziah alifuta mkono kwenye kanga yake ya kiunoni. "Nani anaweza kuutoa?"

"Mimi," Mbeke alisema. "Lakini zingine zimepasuka. Mbao zimebaki ngapi stoo?"

"Saba," Gichuru alisema kwa sauti ya chini.

Alhamisi alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, Mbeke alipanda ngazi akiwa amevaa suruali ya Kyule iliyokunjwa mara tatu chini na kufungwa kwa kamba. Tajeu alishika ngazi. Kyule alisimama chini akamwambia mahali pa kuweka mguu, na mahali pa kushikia koleo ili lisikwaruze, na mara mbili alimkaripia. "Usivute kwa mabega! Vuta kwa kiuno! Unataka uanguke kama mimi?" Kung'oa kulikuwa kugumu kuliko kupigilia. Misumari ilitoka ikilia, na kila ubao uliopasuka Keziah aliuhesabu kwa pumzi.

Yapata saa mbili Githongo alitokea na koleo lake mwenyewe. Hakusalimu mtu kwa jina. Aliweka ngazi ya pili upande wa pili wa mlango akaanza kung'oa alichokipigilia. Baadaye sana, wakiwa wote wawili juu, alisema, "Unaacha nafasi gani?"

Mbeke alimrushia shilingi. Aliidaka.

Walifanya kazi siku mbili. Misumari ya klauti ilitosha, mbao hazikutosha. Mbao kumi na moja zilikuwa zimeharibika na stoo zilikuwa saba. Mbeke alikata zilizopasuka akatumia sehemu nzima kuzunguka madirisha, akazipachika kwenye kona zikiwa na nafasi ya kupumua. Hata hivyo chini ya dirisha la kushoto kulibaki kipande cha futi nne ambapo mbao za zamani za Wanyoike zilionekana. Gichuru alileta ndoo mbili za maua akazipanga mbele.

Ngigi alikuja Jumamosi, amenenepa, amevaa miwani ya jua, akalia langoni alipomwona mama yake. Alizunguka nyumba yote akigusa kuta. Watu walikuwa wengi, mbuzi alikuwa motoni, na Mbeke alikuwa jikoni na wanawake wengine akimenya viazi. Aliona kupitia mlangoni Ngigi akimshika Kyule mkono wa kushoto na kuutikisa kwa muda. Hakusikia walichosema. Aliona Kyule akigeuka na kuonyesha jikoni kwa kidevu, na Ngigi akitazama upande huo, akaona wanawake kumi na wawili na moshi, akatabasamu kwa adabu, kisha akaitwa kupigwa picha.

Walilipwa sehemu iliyobaki, imekatwa ya Githongo. Keziah aliwafungia mfuko wa maharagwe na nyama. Njiani kurudi Kyule alibeba mfuko kwa mkono mzuri.

"Nilimwambia," alisema.

"Nilikuona."

"Sijui kama alielewa."

"Ulimwambia," Mbeke alisema, na wakaendelea kutembea.

Plasta ilitolewa Aprili. Mkono ulikuwa mwembamba, na kiwiko kilikataa kunyooka. Kyule aliupaka mafuta ya moto kila asubuhi, akafinya mpira wa kitambaa, akainua kikombe, kisha sufuria, kisha nyundo. Nyundo ilifika usawa wa kifua. Alijaribu juu ya kichwa mara moja, nyuma ya choo ambapo hakuna aliyemwona, ikamtoka ikaanguka. Alikaa huko muda, akaiokota, akaipangusa, akairudisha sandukuni. Mbeke aliona sanduku likiwa limefungwa vizuri kuliko kawaida, akaelewa.

Mwisho wa mwezi mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa ploti walikopanga ulikuwa matope. Mwanamume mmoja wa makamo alivuka akirukaruka juu ya mawe, suruali ameikunja, folda kwapani. Alisema anaitwa Kimeu, ni mwalimu, anajenga kule Matasia. Nyumba imefika dari, na fundi wa kwanza ameharibu.

"Nilielekezwa na mzee mmoja, Githongo," alisema. "Aliniambia nikitaka kitu kipigiliwe na mtu anayefikiria, nije kwa hii ploti niulize fundi."

Kyule alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi, na kalamu ya risasi ilikuwa mfukoni kwa mazoea. Mwalimu alikuwa akimtazama yeye, akingoja, mkono tayari umenyooshwa kwa salamu. Kutoka nyuma ya nyumba kulisikika sufuria zikigongana kwenye karai.

Kyule alimpa mkono wa kushoto.

"Umefika, mwalimu," alisema, akamsogezea kigoda. "Fundi anaosha vyombo. Kaa hapo nimwite."